Zimwi na Rula
Jumamosi iliyopita kijana mmoja alirudisha visanamu vyake vya vita vya mezani kwenye kiboksi kabla hata hajarusha dadu. Alikuwa amevinunua kimoja kimoja. Wakamcheka: eti zimwi la Reaper halifai kupigana kando ya askari wa Mantic, vimo havilingani. Jamani! Hata hiyo milimita 28 yenyewe, kuna wanaoipima hadi machoni, wengine hadi utosini. Gary Gygax, aliyeandika Chainmail na Jeff Perren mwaka 1971, alitumia madude ya plastiki ya bei rahisi kutoka Hong Kong; mla-kutu wa Dungeons & Dragons alizaliwa hapo. Linganisha vitako, paka rangi zinazoelewana, tucheze. Kijana, Jumamosi rudi. Na zimwi ulilete.