Mwalimu Hamfokei Refa

Kuna jambo moja ambalo sisi walimu wa nchi hii tumelinyamazia kwa muda mrefu, nami kwa umri huu wa zaidi ya miaka sabini sioni sababu ya kuendelea kulinyamazia. Jambo lenyewe ni mwenendo wa walimu wanaofundisha timu za shule wanapokuwa kando ya uwanja, na hasa namna wanavyosema na waamuzi. Nathubutu kutamka kwamba mwalimu anayemfokea refa mbele ya wanafunzi wake anabomoa kwa dakika 40 za mchezo kile alichokijenga kwa muhula mzima darasani.

Sizungumzii ligi za watu wazima. Huko kuna mishahara, kuna viingilio na kuna mashabiki wenye yao. Nazungumzia michezo ya watoto wetu: UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari, na zile mechi za kirafiki za Jumamosi ambazo shule hualikana zenyewe. Tangu nistaafu nimekuwa mtazamaji wa kudumu wa mechi hizo, kuanzia Mapinga na Kerege, kupita Zinga, hadi hapa Bagamoyo mjini. Nimekaa chini ya minazi nikitazama mpira wa miguu kwenye mchanga, nimekaa juu ya matofali nikitazama netiboli, na nimesimama kando ya viwanja vya saruji iliyopasuka nikitazama mpira wa kikapu.

Katika michezo hiyo yote kelele zipo, lakini nitautolea mfano mpira wa kikapu, kwa sababu huko hakuna pa kujificha. Uwanja wa miguu ni mpana, na upepo wa bahari hubeba nusu ya matusi. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15 tu. Benchi la timu liko hatua chache kutoka mstari. Na kila analosema mwalimu hulisikia refa, huyasikia masikio ya wachezaji wote, na huyasikia pia ya wale wadogo wa kidato cha kwanza waliokaa chini wakishangilia.

Na husikia nini? Mwanzoni ni manung'uniko: "Refa, huoni?" Baadaye ni kejeli: "Mnunulieni miwani huyu!" Robo ya tatu ikifika, kama timu iko nyuma, ni tuhuma: "Wamekupa shilingi ngapi?" Mpaka mwisho, mtu mzima mwenye shahada, aliyevaa fulana yenye nembo ya shule, anamfuata kijana aliyeshika filimbi huku kamnyooshea kidole usoni, na wanafunzi wanapiga makofi. Tuelewane: kumwuliza refa si kosa. Kosa ni kumtisha, kumdhalilisha na kumzulia.

Niseme kisa kimoja, nikiiacha shule bila jina, kwani shule zenye kisa kama hicho ni nyingi. Wasichana wa shule mbili walikuwa wakicheza. Mwalimu wa timu moja alizunguka mstari tangu mwanzo akirudia neno lile lile kwa refa: kwamba amenunuliwa. Katika robo ya nne refa alipuliza filimbi, akasema nahodha wa timu hiyo ametembea na mpira. Binti yule, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliubamiza mpira chini, akamnyooshea refa kidole na kumwambia, "Umenunuliwa wewe!" Neno kwa neno, hata sauti ilikuwa ya mwalimu wake. Jumatatu iliyofuata binti aliitwa ofisini kwa kosa la utovu wa nidhamu, akapewa adhabu ya wiki nzima. Mwalimu aliyemfundisha neno lile alikuwa miongoni mwa walioketi kumhukumu, na hakuna aliyemwuliza chochote.

Nilipopata habari hizo niliwaendea walimu wale nikawauliza swali moja: je, mtoto huyu ameadhibiwa kwa kukosa kujifunza, au kwa kujifunza vizuri mno? Sikujibiwa. Naliuliza tena hapa, kwa sababu ndilo swali lenyewe.

Mimi nilisomea ualimu katika chuo ambacho wakufunzi wake walikuwa wakali. Tulipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aliingia kimya, akaketi dawati la nyuma, akaandika. Hakuandika somo tu. Aliandika tulivyosimama, tulivyovaa, tulivyomjibu mtoto aliyekosea, na tulivyosema na mwalimu mwenyeji wa darasa lile. Tulifundishwa kwamba mtoto husahau nusu ya maneno yaliyo ubaoni lakini hasahau hata kidogo mwenendo wa aliyeyaandika. Sasa naomba mwalimu wa michezo anijibu: mkufunzi yule angeketi nyuma ya benchi lako Jumamosi, angeandika nini? Au unadhani ualimu wako unaishia kengele ya mwisho ya Ijumaa?

Ikiwa mtu atasema kwamba uwanja si darasa, basi na aangalie mchezo huu wa kikapu ulikotoka. Haukubuniwa na mfanyabiashara wala mtu wa sarakasi. Uliasisiwa Desemba 1891 na mwalimu, James Naismith, mzaliwa wa Kanada, katika chuo cha mafunzo cha YMCA mjini Springfield, Marekani. Alikuwa amekabidhiwa darasa korofi la vijana waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akaandika sheria 13, na mbili kati ya hizo zilieleza kazi za waamuzi wawili: mmoja awaangalie wachezaji, mwingine auangalie mpira. Maana yake ni kwamba mwamuzi hakuletwa baadaye kama mgeni asiyetakiwa. Alikuwamo tangu siku ya kwanza, kama vile kikapu chenyewe kilivyokuwamo.

Kanuni za leo za FIBA, ambalo ni shirikisho la dunia la mchezo huu, zina mafundisho mengine mawili ambayo walimu wetu wengi huyapita haraka. La kwanza ni kwamba mwalimu akitenda utovu wa adabu hupewa faulo ya ufundi, na wapinzani hupata mtupo huru mmoja. Akipata ya pili kwa mwenendo wake mwenyewe, hutolewa nje. Tazama hapo: ulimi ni wa mtu mzima, pointi zinakatwa kwa watoto. Mtoto amekimbia, ametoka jasho, ameanguka kwenye saruji na kuchubuka goti ili apate pointi mbili, na mwalimu wake anatoa moja bure kwa sababu ameshindwa kufunga mdomo.

La pili ni kwamba timu ikiona imedhulumiwa, ipo njia ya kukata rufaa, na katika karatasi ya matokeo ipo nafasi ya nahodha kutia saini ya malalamiko. Nahodha! Kanuni imemwamini kijana kwamba anaweza kumwendea refa mpira ukiwa umesimama, akamwuliza kwa heshima, na akaandika lalamiko lake kwa utaratibu. Hilo ni somo la uraia ambalo halipatikani katika kitabu chochote cha kidato cha pili. Lakini nahodha atalipataje, ikiwa mwalimu wake amekwisha kumaliza maneno yote kwa kelele?

Najua majibu ya walimu hao, kwani nimeyasikia mara nyingi. Jibu la kwanza ni kwamba waamuzi wetu ni wabovu. Sibishi kwamba wengine hawajui kanuni, na kwamba wapo wanaopendelea. Mara nyingi mechi ya shule huchezeshwa na mwalimu wa shule mwenyeji, na hapo shaka haikosekani. Lakini hebu tujiulize kwa nini hatuna waamuzi wa kutosha. Nimemfahamu kijana wa mjini hapa aliyemaliza kidato cha sita, akaipenda filimbi, akajifunza kanuni kwa bidii, na akachezesha mechi za shule kwa nauli na soda. Alidumu kwa msimu mmoja. Aliniambia, "Mzee, wanafunzi siwaogopi. Walimu ndio walionishinda." Kijana aliyejifunza aliondoka, nafasi yake ikajazwa na asiyejua, ambaye anafokewa zaidi, naye ataondoka. Tunakata mti kisha tunalalamikia jua.

Jibu la pili ni kwamba kelele husaidia: refa akitishwa mwanzoni, atakuonea haya mwishoni. Hili ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa kuwa linaweza kuwa kweli. Mwalimu anayelisema anakiri kwamba anafanya kwa makusudi. Anamfundisha mtoto kwamba mwenye kuhukumu hashawishiwi kwa ukweli bali hutishwa mpaka alegee. Mtoto huyo kesho atakuwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwa mgogoro wa shamba, au mbele ya baraza la kata, au yeye mwenyewe atakuwa amekaa kwenye kiti cha kuhukumu. Tusishangae basi akija na kelele badala ya hoja. Sisi tulimpa mazoezi.

Jibu la tatu ni kwamba hata makocha wakubwa wa ulaya na Marekani hufoka. Tunawaona kwenye televisheni. Naam, tunawaona. Mwaka 1985 Bob Knight, kocha wa Chuo Kikuu cha Indiana, alikasirishwa na waamuzi katika mechi dhidi ya Purdue, akachukua kiti akakirusha uwanjani. Alitolewa nje, na timu yake ikafungwa siku hiyo 72 kwa 63. Watu wanakumbuka kiti, wanasahau matokeo. Na katika soka, ambako kadi za wachezaji zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, sheria ilibidi ibadilishwe mwaka 2019 ili refa aweze kumwonyesha kocha naye kadi ya njano au nyekundu. Hiyo si sifa ya kuigwa. Ni aibu ya watu wazima iliyolazimu kutungiwa sheria.

Kama ni kuiga, kuna wa kuigwa. John Wooden wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitwaa ubingwa wa vyuo mara 10 katika miaka 12, naye alianza kazi akiwa mwalimu wa sekondari akifundisha Kiingereza. Katika msimu wake wa mwisho, 1974 hadi 1975, wataalamu wawili wa elimu, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa kwenye mazoezi yake wakiandika kila alilosema. Waliorodhesha matamko 2,326, na kiasi cha robo tatu yalikuwa maelekezo: shika hivi, simama pale, fanya tena. Wala hakuwa malaika. Alijulikana kuwachokoza waamuzi kwa maneno kutoka benchini. Lakini makombe yake hayakutoka huko. Yalitoka kwenye mazoezi. Mwalimu anayemlaumu refa kwa timu isiyojua kurusha mtupo huru na aanze kwa kuhesabu siku alizofanya mazoezi.

Kuna jambo ambalo vijana huenda hawalikumbuki. Mapema katika miaka ya 2000 mashindano ya shule nchini yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Sisi tuliopenda michezo tulihuzunika, tukatetea. Tulisema uwanja nao ni darasa: huko mtoto hujifunza subira, ushirikiano, kutii kanuni na kukubali kushindwa. Michezo ikarudishwa. Basi deni letu liko wazi. Ikiwa kinachofundishwa uwanjani ni kumtukana aliyepewa kazi ya kuamua, hoja yetu ilikuwa ya uongo, na siku wenye mamlaka watakapoifungia michezo tena hatutakuwa na la kusema.

Nini kifanyike? Nayasema ya kuanzia, ambayo hayahitaji bajeti ya wizara. Mkuu wa shule ahudhurie mechi, akae karibu na benchi lake, na asikilize. Mwalimu akitolewa na refa kwa utovu wa adabu, jambo hilo lijadiliwe katika kikao cha walimu kama lingejadiliwa la mwalimu aliyetukana darasani. Asimame mtu mmoja tu benchini, kama kanuni inavyotaka. Nahodha afundishwe kumwuliza refa, na yeye ndiye aulize. Kila shule iwape filimbi wanafunzi wawili au watatu katika mazoezi ya kila wiki, waonje ugumu wa kuamua huku wenzao wakiwatazama. Na refa apewe maji ya kunywa na nauli ya kurudi kwake, na mwalimu wa kila timu amshike mkono kabla ya mchezo na baada yake, hasa baada ya kufungwa.

Wazee wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi naongeza kwa walimu wenzangu: wala si mwalimu. Jumamosi ijayo shule zitaalikana tena, na refa atakosea tena, kwa kuwa ni binadamu. Filimbi ikilia, watoto hawatamtazama refa kwanza. Watageuka benchini waone mwalimu wao anafanya nini, na hicho ndicho watakachofanya.