Idadi ya viumbe wa baharini: tuulize imepatikanaje

MFANYABIASHARA anayenunua mahindi yakiwa bado shambani hahesabu punje. Huingia kati ya mistari, akapima hatua kumi hapa na kumi kule, akaangalia kila shina limebeba mangapi, kisha akapiga hesabu ya magunia. Mkulima naye huwa na hesabu yake, na mara nyingi hizo mbili hazilingani. Hapo hakuna anayeitwa mwongo. Kinachoulizwa ni kimoja tu: ulipima wapi?

Swali hilo linafaa kuulizwa pia kuhusu bahari. Je, bahari za dunia zina aina ngapi za viumbe, zile ambazo wataalamu huziita spishi? Wapo wanaosema ni kati ya laki saba na milioni moja. Wapo wanaosema ni milioni mbili na laki mbili. Wamewahi kutokea hata waliosema milioni kumi. Wote hao ni watafiti wenye sifa, na wote wamechapisha hesabu zao mbele ya wenzao. (Vijidudu kama bakteria havimo katika hesabu hizi. Vingeingizwa, mjadala usingeisha.)

Tuanze na hao wa milioni kumi. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani Fred Grassle na Nancy Maciolek walitoa matokeo ya kazi yao kwenye tope la sakafu ya bahari, mashariki mwa nchi hiyo, kwenye kina cha mita 1,500 na zaidi. Walichota sampuli 233. Ukiziunganisha zote, eneo lake ni mita za mraba 21 tu, yaani chumba kimoja kikubwa. Ndani yake walikuta spishi 798, na zaidi ya nusu hazikuwa na jina popote. Kwa kuwa kila walivyosogea mbele walizidi kukuta wapya, walipiga hesabu ya sakafu yote ya dunia na kufika milioni kumi. Mwaka huo huo Robert May wa Uingereza aliwapinga. Alisema kama karibu nusu ya mlichokuta tayari kinajulikana, basi jumla haiwezi kuwa mbali na mara mbili ya zilizokwisha kupewa majina, yaani kama nusu milioni. Tope ni lile lile, sampuli ni zile zile, na majibu yamepishana mara ishirini.

Mwaka 2011 Camilo Mora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walikuja na njia nyingine. Ili msomaji aielewe, afikirie nchi ambayo mikoa yake yote inajulikana, wilaya karibu zote, kata nyingi, lakini vijiji bado havijaandikwa vyote. Ukiona jinsi idadi inavyoongezeka kutoka mkoa hadi wilaya, na kutoka wilaya hadi kata, unaweza kukisia vijiji ni vingapi. Viumbe nao wamepangwa hivyo, makundi makubwa juu na madogo chini. Kwa njia hiyo walipata spishi milioni 8.7 duniani kote, na kati yake milioni 2.2 za baharini. Walisema asilimia 91 ya hizo za baharini hazijaandikwa na mtu yeyote.

Mwaka uliofuata, 2012, kundi la wataalamu zaidi ya mia moja likiongozwa na Ward Appeltans lilifuata njia ya sokoni. Kila mmoja alikadiria kundi analolijua: wa kaa akasema ya kaa, wa konokono ya konokono, wa mwani ya mwani. Walipojumlisha walipata kati ya laki saba na milioni moja, ambapo 226,000 zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Sisi tunaegemea hesabu hii ya pili. Mipaka ya kata huchorwa na watu na inaweza kubadilishwa kesho. Lakini mtu aliyeshughulika na bidhaa moja kwa miaka thelathini anajua ghala lake, na anajua pia lile kabati ambalo hajawahi kulifungua. Hata hivyo, hatuoni kwamba ugomvi wa milioni moja au mbili ndio unaopaswa kumkosesha usingizi mvuvi au mkulima wa mwani. Linalomhusu liko kwenye majina.

Mwenye duka yeyote anajua balaa la daftari lenye bidhaa moja iliyoandikwa kwa majina matatu: ukihesabu, una mali nyingi kuliko uliyonayo. Ndivyo ilivyokuwa kwa bahari. Orodha ya dunia ya viumbe wa baharini, inayotunzwa mjini Ostend, Ubelgiji, ilitangaza mwaka 2015 kwamba kati ya majina karibu 419,000 yaliyokuwa yamekusanywa, zaidi ya 190,000 yalikuwa ya kurudiarudia. Konokono mmoja mdogo wa miambani peke yake alikuwa na majina 113! Kwa miaka zaidi ya mia mbili kila mtaalamu aliyemwona ufukweni kwake, akiwa na rangi tofauti kidogo, alimwandika upya.

Kosa la upande wa pili ndilo linalotuumiza huku kwetu, nalo ni viumbe wawili kubeba jina moja, au mmoja kuuzwa bila jina lolote. Tuchukue majongoo bahari. Huko Shelisheli jongoo anayeitwa na wavuvi "pentard" alivunwa kwa tani na kusafirishwa Asia kwa miaka mingi huku hana jina la kisayansi. Tangu mwaka 2020 majongoo ya kundi la pauni, spishi tatu zilizotajwa kwa majina, hayavuki mpaka bila kibali chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Kibali hutaja spishi. Sasa jongoo ambaye hajaandikwa, afisa atamweka kwenye fungu lipi? Na mnunuzi anayetaka kushusha bei atamweka lipi?

Mwani nao una kisa chake. Wakulima wa Zanzibar, ambako kilimo hiki kilianza mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, wanajua vizuri kwamba "cottonii" ina bei kuliko "spinosum". Pengine wengi hawajui kwamba mmea unaouzwa kwa jina la "cottonii" kwa wataalamu huitwa Kappaphycus alvarezii, na kwamba ipo spishi nyingine kabisa yenye haki ya jina hilo la cottonii. Jina la sokoni lilibaki wakati wataalamu wakitenganisha mimea. Mkulima anayeagiza mbegu mpya inayostahimili joto la maji ana sababu ya kuuliza ni ipi hasa anayoletewa.

Wapo watakaosema bahari yetu imekwisha kujulikana, wavuvi wameivua tangu enzi za mababu. Wakumbuke silikanti. Dunia iliamini samaki huyo alitoweka pamoja na dinosauri hadi mwaka 1938 alipopatikana Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wakaanza kumtoa kwenye majarife, hasa Tanga, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Ni samaki mwenye urefu unaokaribia wa mtu mzima. Ikiwa huyo alijificha, vipi kuhusu konokono mwenye ukubwa wa punje ya mtama? Kwenye eneo moja la New Caledonia, katika Bahari ya Pasifiki, watafiti walikusanya spishi 2,738 za konokono, chaza na jamaa zao, na moja katika kila tano ilipatikana mara moja tu.

Suala hili lina fedha kubwa nyuma yake. Katika Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kuna uwanda wa bahari kuu ambako kampuni zimepewa mikataba ya kutafuta madini ya nikeli, kobalti na manganisi. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulikuta rekodi za spishi 5,578 huko, na karibu tisa katika kila kumi hazina jina. Mtu akiharibu shamba la mihogo, tathmini ya fidia huanza kwa kuhesabu mashina. Huko chini tathmini itaanzia wapi?

Kazi ya kutoa majina ni ya polepole na haina mashabiki. Sensa ya Viumbe wa Baharini ya mwaka 2000 hadi 2010 ilitumia dola milioni 650 na watafiti 2,700 kutoka nchi zaidi ya 80. Ilirudi na spishi zaidi ya 6,000 zilizodhaniwa kuwa mpya, lakini ilipofungwa zilizokuwa zimeandikwa rasmi zilikuwa kama 1,200 tu. Mpango mwingine, ulioanza mwaka 2023, unalenga spishi mpya 100,000 katika miaka kumi, na ilipofika Machi 2025 ulitangaza 866. Tangu kiumbe kuokotwa hadi kupewa jina hupita wastani wa zaidi ya miaka 13.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili yasiyohitaji dola milioni 650. Vyuo vyetu vinavyofundisha sayansi ya bahari vipewe nafasi za ajira kwa watu wa kutambua na kuandika spishi, waanze na zile zinazopita mnadani: majongoo, pweza, kamba, mwani. Na stakabadhi ya mzigo unaotoka pwani iandike jina la kienyeji kama mvuvi anavyolitaja, pamoja na mahali alipovulia, badala ya neno "mchanganyiko" linaloonekana kwenye karatasi nyingi. Kijongoo kimoja kikitunzwa ndani ya chupa ya spiriti kutoka kila mzigo, mtaalamu atakuwa na pa kuanzia, na mvuvi atakuwa na cha kumwonyesha mnunuzi siku ya ubishi wa daraja na bei.