Uchovu wa MS: Tuache Kujibu "Nzuri"



Kuna jambo limetukaa rohoni kwa muda mrefu, na leo tumeona bora tuliseme hapa hadharani kuliko kuendelea kulinong'ona kwenye maharusi na matanga. Huku ugenini tunao ndugu zetu, si mmoja si wawili, wenye maradhi ya maltipo sklerosisi, ambayo wenyewe wanayaita MS. Na tunao pia watu wazima na akili zao wanaosema kwamba hao "wamepata ugonjwa wa kizungu wa kulala". Huo ni udhalimu. Tena tunaongeza: vipimo vinavyotumika kuupima uchovu wa wagonjwa hawa vina upungufu, na sisi wenyewe, kwa adabu zetu nzuri, tunauzidisha upungufu huo.

Tuanze na maradhi yenyewe. Daktari Jean-Martin Charcot aliyaeleza Paris mwaka 1868. Kinga ya mwili inageuka na kuishambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Fundi wa umeme ataelewa upesi: waya uliochunika ganda lake haufikishi kama mwanzo. Ujumbe kutoka kwenye ubongo unachelewa, unapungua, au haufiki kabisa. Hesabu ya mwaka 2020 ilisema duniani wako watu wapatao milioni 2.8 wenye maradhi haya, na uchovu ni katika mambo yanayowasumbua wengi zaidi.

Uchovu huu si mavune ya mtu aliyeshinda shambani. Unaweza kuja bila ya kazi, na usingizi wa usiku kucha usiuondoe. Joto nalo huwazidishia wengi wao udhaifu. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika juu ya wagonjwa waliofifia macho baada ya kujitahidi kimwili, na baadaye ikafahamika kwamba sababu ni kupanda kwa joto la mwili. Basi jamaa yako mwenye MS akienda Muscat mwezi wa Julai, akakataa kutoka nje adhuhuri kuwazungukia wajomba, usimwambie amekuwa na maringo ya Ulaya.

Sasa tuje kwenye vipimo. Kile mashuhuri kuliko vyote kwa MS ni kipimo cha John Kurtzke cha mwaka 1983, kinachotoka 0 mpaka 10. Kuanzia 4 kwenda juu, kwa sehemu kubwa kinapima miguu: ukienda mita 500 bila ya msaada wala kupumzika uko kwenye 4, ukihitaji mkongojo kwenda mita 100 umefika 6. Anayetembea vizuri asubuhi na kuanguka kitandani saa nane mchana, kipimo hiki kinamwona mzima.

Ndipo wakatafuta vipimo vya uchovu wenyewe. Mwaka 1989 Lauren Krupp na wenzake walitoa fomu ya sentensi tisa, kila moja inajibiwa kwa namba 1 hadi 7, na wastani wa 4 au zaidi huhesabiwa kuwa ni uchovu mkali. Ipo nyingine yenye maswali 21, alama zake zinafika 84, inayouliza hali yako ya wiki nne zilizopita. Fomu hizi hatuzidharau. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bila ya kumuuliza mgonjwa hakuna njia ya kujua anavyojisikia. Lakini nani anakumbuka sawasawa uchovu wa wiki nne? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowapa wagonjwa 141 dawa tatu kwa zamu, amantadini, modafinili na methilifenideti, pamoja na kidonge kisicho na dawa ndani. Dawa zote tatu hazikukishinda kile kidonge kitupu, na hata kwa kidonge kitupu alama za uchovu zilishuka. Haina maana kwamba wagonjwa walidanganya. Maana yake ni kwamba namba za fomu peke yake hupanda na kushuka kwa matumaini pia, na haifai kuzifanya msahafu.

Sisi tuliosomea uhandisi ugenini na kuzeekea humo tunajua jambo moja ambalo hata fundi wa gereji ya uchochoroni analijua. Betri iliyozeeka, ukiipima kwa mita gari likiwa limezimwa, itakuonyesha volti 12 na ushei. Washa stata, volti zinaporomoka, injini haigeuki. Betri haipimwi bila ya mzigo. Mwaka 2013 Kluger, Krupp na Enoka walitenganisha mambo mawili: uchovu anaouhisi mtu, na namna utendaji wake unavyopungua kadiri anavyoendelea na kazi. Mambo haya mawili mara nyingi hayaendi sambamba, kwa hiyo yote mawili yapimwe. Mtembeze mtu dakika sita, kisha linganisha dakika ya kwanza na ya mwisho. Na kesho yake muulize alilalaje na aliamkaje.

Sasa tukiri la kwetu. Miaka mitatu iliyopita alikuja mtathmini mmoja kumwangalia mdogo wetu wa kike, ili iamuliwe kama anastahili posho. Mdogo wetu alikuwa amelala siku nzima ya jana yake ili aweze kukaa kitako siku hiyo. Akavaa gauni lake la sikukuu, akainuka mwenyewe kumpokea mgeni, akamwekea chai na kaimati. Alipoulizwa hali, akajibu kama mama yetu alivyotufundisha: "Nzuri, namshukuru Mungu, naendelea vizuri." Na mkalimani tulikuwa sisi. Tukaifasiri sentensi ile neno kwa neno, tukijiona hodari. Ripoti ikaja imeandikwa kwamba anatembea bila ya tabu, anapika na anakaribisha wageni. Hakuna aliyeandika kwamba baada ya mgeni kuondoka alilala siku mbili, na kikombe cha maji tulimshikia sisi. Posho akanyimwa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. "Nzuri" yetu ni salamu, haijawahi kuwa taarifa ya afya. Mswahili huanza na nzuri hata kama nyumba inaungua, kisha ndipo aseme "lakini". Mgeni aliandika nzuri, na ile lakini hatukumpa.

Wako watakaosema: kila mtu huku anachoka, sisi tunafanya zamu mbili na hatulalamiki. Ni kweli mnachoka. Lakini nyinyi mkilala mnaamka. Wengine watasema mlango ukifunguliwa kwa maneno, waongo watapita. Hiyo ndiyo hoja yetu hasa: usipime kwa maneno peke yake, wala kwa hatua kumi kutoka kwenye kochi hadi mlangoni. Sheria ya Uingereza ya posho ya PIP, iliyoanza mwaka 2013, yenyewe inataka iangaliwe kama mtu anaweza kufanya jambo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda unaofaa. Neno "kurudia" limo katika sheria. Lishikeni.

Basi tunataka nini? Madaktari wapime zaidi ya mara moja, asubuhi na jioni, kabla ya mzigo na baada yake. Wakalimani wafasiri hali, si salamu, na wajue kutofautisha kuchoka, mavune, kuishiwa nguvu na akili kuganda, maana haya si jambo moja. Familia ziweke daftari la wiki mbili: ameamka saa ngapi, amefanya nini, amelala saa ngapi, amelipaje kesho yake. Daftari hilo liende naye kila anapoitwa. Na kila mmoja wetu aliyewahi kumwita mgonjwa wa MS mvivu, aende akamtake radhi, tena aende asubuhi, wakati bado ana nguvu za kumsikiliza.

Mdogo wetu anakata rufaa. Safari hii tukiulizwa hali yake, hatutajibu nzuri.