Mashua Kuukuu Uani kwa Mzee: Msiipasue Kuni, Wala Msiishushe Majini Kienyeji

Leo tuweke kando mwani na dagaa kidogo. Nataka tuongee kuhusu wazee wetu waliokuwa manahodha tangu ujana, sasa wamepumzika nyumbani, lakini ua wote umejaa mbao, foromali zilizovunjika na mashua mbili tatu zilizolazwa ubavu. Kila asubuhi mzee anatoka na tezo yake. Hajaajiriwa na mtu, wala hana mteja.

Katika vijiji vyetu vya mwambao malalamiko ya watoto wao yanafanana. "Bwana uvuvi, tusaidie kuongea na mzee. Pesa ya matumizi tunayotuma yote inaishia kwenye misumari." Wapo ambao wameshatafuta mnunuzi wa kuni. Nawaomba wasubiri. Mashua ile inaweza kuwa mali, na inaweza pia kuwa jeneza. Tofauti yake haionekani kwa macho ukiwa umesimama mlangoni.

Tuanze na mali. Taruma zuri linachongwa kwenye mti uliopinda wenyewe. Mti wa namna hiyo siku hizi kuupata ni kazi, na mikoko ni hifadhi, hukati bila kibali. Kwa hiyo chombo cha zamani chenye mataruma mazima kina kitu ambacho hata mwenye pesa anaweza kukikosa sokoni. Mkikipasua kuni mtapika wali wa wiki chache, basi.

Sipingi boti za faiba na injini. Kwa uvuvi wa mbali zinafaa, na mikopo yake inapokuja mimi ndiye ninayewasaidia vikundi kujaza fomu. Lakini kwa anayevua karibu na miamba au anayebeba nazi na chokaa kutoka kisiwani, petroli inakula faida kabla samaki hawajafika mnadani. Upepo wa kusi na kaskazi haulipiwi. Nani atawafundisha vijana kusoma upepo huo, kufunga foromali na kugeuza tanga bila kupindua chombo, kama si mzee huyu mnayemwona anachezea mbao?

Pale Lamu, mwaka 2018, mafundi wa majahazi walishusha majini Flipflopi, chombo cha tanga kilichojengwa kwa plastiki iliyorejelezwa, na mapema 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Wengi husifia plastiki. Mimi nasifia mikono, maana plastiki hiyo ilichongwa mkuku na mataruma na watu waliojifunza kwenye mbao. Ufundi huo ukifa, hata malighafi mpya haitakuwa na wa kuijenga.

Sasa upande wa jeneza. Mapenzi ya mzee kwa chombo chake yanaweza kumfumba macho, na rangi mpya inaficha mengi. Kabla hamjanunua hata msumari mmoja, pandeni ndani na nyundo ndogo na kisu. Gongeni mkuku kuanzia omo hadi tezi. Mbao nzima inalia kwa sauti kavu, iliyooza inanyamaza kama gunia. Kisu kikizama bila nguvu, palepale wekeni alama ya chaki. Angalieni hasa miguu ya mataruma, kule maji ya mvua yanakotuama. Wengi wanadhani chumvi ndiyo inayooza mbao, kumbe maji ya mvua ndiyo mabaya zaidi. Kagueni misumari pia: kutu ikishaanza, mbao iliyoizunguka inageuka laini na msumari haushiki tena. Na mkiona vitundu vidogo chini ya mstari wa maji, msidanganyike na udogo wake. Yule mdudu wa baharini huingia kwa tundu dogo, kisha anachimba mahandaki kwa ndani.

Kwa maoni yangu, mbao za ubavu zilizooza zinabadilishwa, na taruma moja moja pia. Mkuku ukioza sehemu kubwa, hapo hamkarabati, mnajenga chombo kipya kwa bei ya polepole. Mwambieni mzee kwa adabu, naye mkimsikiliza mtagundua kwamba alijua zamani, ila hakuna aliyemuuliza.

Kikionekana kinafaa, jambo la kwanza ni kivuli. Banda la makuti ni rahisi kuliko mbao. Jua linakausha mbao, zinasinyaa, na nafasi kati yake zinafunguka. Mmwagieni maji ya bahari ndani mara kwa mara, na msiache mvua ituame. Misumari nunueni iliyopakwa zinki, na kichwani mzungushie pamba yenye mafuta kama wazee wanavyofanya. Kalafati mwachieni mzee mwenyewe, ila kijana mmoja akae pembeni yake kila siku ashike pamba na patasi. Kazi hii haifundishwi kwa maneno. Pamba ikipigwa kidogo inavuja, ikipigwa sana inasukuma mbao. Nje ipakwe sifa, na chini deheni ya chokaa na shahamu, kisha kila baada ya muda chombo kipandishwe wakati wa bamvua kisuguliwe na kupakwa upya.

Kuhusu pesa, ongeeni naye wazi. Mtengeeni mzee fungu la mashua kando na la chakula na dawa, naye aandike anachonunua. Na mashua iwe moja kwa wakati. Ua wenye vyombo vitatu nusunusu hautoi hata kimoja.

Kikikamilika, msikimbilie kuvua. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 chombo cha uvuvi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kiwe na leseni, kwa hiyo mje kwanza ofisi ya uvuvi, hata kama kina namba za zamani ubavuni. Siku ya kukijaribu chagueni upepo mdogo, msiende mbali na pwani, na mbebe ndoo za kufulia maji, maana mbao zilizokaa kavu zitavuja mpaka zivimbe. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha. Mzee atasema hajawahi kulivaa tangu azaliwe. Mvalisheni.