Kompyuta Nayo Ihojiwe

Mwaka 2011, katika mahakama ya Orlando, Florida, upande wa mashtaka ulidai kuwa kompyuta ya nyumbani kwa Casey Anthony, aliyeshtakiwa kumuua binti yake wa miaka miwili, ilifungua ukurasa kuhusu klorofomu mara 84. Ni hesabu ya kutisha, na haikuwa kweli. Aliyetengeneza programu iliyoitoa alirudia kazi yake, akakuta ukurasa ule ulifunguliwa mara moja tu. Zile 84 zilikuwa za MySpace.

Anthony hakutiwa hatiani kwa mauaji. Mwaka uliofuata ofisi ya mkuu wa polisi ikakiri jambo jingine: wapelelezi walikagua historia ya kivinjari cha Internet Explorer, wakaiacha ya Firefox iliyokuwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Humo kulikuwa na utafutaji kuhusu kumziba mtu pumzi, uliofanywa siku ambayo mtoto alionekana hai kwa mara ya mwisho. Uzembe wa namna hii humuumiza asiye na hatia, na huinyima haki familia ya marehemu vilevile.

Huko Connecticut, mwalimu wa muda alitiwa hatiani Januari 2007, akakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 40, kwa sababu picha za ngono zilijitokeza kwenye kompyuta ya darasa. Wataalamu waliojitolea walionyesha kuwa programu hasidi ndizo zilizokuwa zikifungua kurasa hizo zenyewe. Miezi michache baadaye jaji aliifuta hukumu. Nayo Denmark, mwaka 2019, ililazimika kupitia upya kesi zaidi ya 10,000 baada ya kubainika makosa katika data za simu zilizotumiwa na polisi.

Sheria zetu hazijalala. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya mwaka 2015, kinaitaka mahakama ipime kama data inaaminika. Kenya inadai cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Lakini cheti hakisemi nani alikuwa ameketi mbele ya kioo, wala kama programu ya mpelelezi ilihesabu sawasawa. Wakili wa utetezi apewe nakala kamili ya diski, si karatasi za majibu pekee, na matokeo yahakikiwe kwa programu ya pili.

Mwananchi naye ana la kufanya, na si kwa kuwa anaficha uhalifu, bali ili kompyuta yake isije ikamsingizia wala kumfuatilia. Firefox na Brave huzuia vifuatiliaji vingi bila kuambiwa. Matangazo yenye programu hasidi hupunguzwa kwa kiongezi cha kivinjari kama uBlock Origin. Asitegemee hali fiche ya Chrome: hiyo hufuta historia kwenye kifaa chake tu, huku tovuti na kampuni inayomuuzia bando zikiendelea kumwona. Mwaka 2024, kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani, Google ilikubali kuharibu mabilioni ya rekodi za watu waliodhani wakiwa katika hali hiyo hawafuatiliwi.