Aliyenunua mlango apewe na ufunguo wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotokea Marekani mwaka 2023. Wengi tunaweza kudhani halituhusu, kwa kuwa ni habari ya milango ya mabanda ya magari. Mimi naona linatuhusu.

Kwanza nieleze. Huko Marekani nyumba nyingi zina banda la gari lenye mlango mpana unaoinuliwa na mota ya umeme. Mwenyewe hubonyeza rimoti akiwa garini, au kitufe cha ukutani. Miaka ya karibuni mota hizo zimeunganishwa na intaneti, hata mtu aliye kazini huweza kutazama katika simu yake kama mlango umefungwa, na akaufunga kutoka huko huko. Wengine huweka nyumbani kompyuta ndogo yenye programu ya kuendesha taa, kengele na milango kwa pamoja. Mojawapo ya programu hizo ni Home Assistant, ambayo hutolewa bure. Mwenye nyumba huweza kuiagiza kwamba ikifika saa nne usiku na mlango bado uko wazi, iufunge.

Sasa kampuni ya Chamberlain, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mota hizo, ina huduma iitwayo myQ. Katika huduma hiyo amri haitoki kwenye simu kwenda kwenye mota moja kwa moja. Hupita kwanza katika kompyuta za kampuni, ndipo irudi nyumbani. Watumiaji wa Home Assistant walikuwa na njia yao ya kupeleka amri katika kompyuta hizo. Novemba 2023 kampuni ilitangaza kwamba imeifunga njia hiyo kwa programu zote ambazo haikuzipa idhini, na Desemba mwaka huo Home Assistant ikaiondoa myQ katika programu yake. Mlango ni ule ule, mota ni ile ile, na aliyelipa ni yule yule, lakini kilichofanya kazi jana leo hakifanyi.

Tuseme haki: kampuni haikukosa hoja. Ilieleza kwamba watumiaji wa njia hiyo walikuwa asilimia 0.2 tu, lakini walileta zaidi ya nusu ya mzigo wa kompyuta zake. Tena mlango si taa. Ni mzito na unaweza kumbana mtoto, ndiyo sababu mota za nyumbani zinazotengenezwa kwa ajili ya Marekani tangu 1993 hutakiwa kuwa na kinga, kama vile jicho la umeme linaloona kilicho chini ya mlango. Wezi nao wapo. Aprili 2023 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya vifaa vya kampuni nyingine, Nexx, kwa kuwa nywila ya siri ilikuwa imewekwa ndani ya vifaa kwa namna ambayo mtu akiijua angeweza kufungua milango ya watu asiowafahamu.

Lakini hoja hizo, kwa maoni yangu, zinageuka upande wa pili. Kama mzigo ni mkubwa, dawa yake ni kuiacha amri ya nyumbani ibaki nyumbani. Jambo hilo linawezekana, kwani kipo kifaa kidogo kiitwacho ratgdo kinachofungwa kwa nyaya kwenye mota na kupokea amri kwa mtandao wa ndani ya nyumba, bila kupita kwa kampuni. Hata hatari ya Nexx ilitokana na amri za nyumba nyingi kupita mahali pamoja huko nje.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Kampuni hiyo hiyo ya Chamberlain iliwahi kuishitaki kampuni ya Skylink kwa kuuza rimoti zinazofungua mota zake. Agosti 2004 mahakama ya rufani ya Marekani iliikatalia, ikaona kwamba aliyenunua mota ana haki ya kuitumia, hata kwa rimoti ya mtu mwingine. Mwaka 2023 kampuni haikuhitaji kwenda mahakamani. Siku hizi nusu ya chombo iko nyumbani kwako, na nusu iko katika kompyuta ya mwenye kiwanda. Hukumu iliyolinda nusu ya kwanza haiigusi ya pili. Hapo ndipo mnunuzi anapogeuka mpangaji katika mali yake mwenyewe.

Ndugu wasomaji, hapa kijijini hatuna milango ya mota, lakini tunanunua taa za jua kwa mkopo. Kisanduku cha betri hubaki na kufuli la kampuni, na mnunuzi hukifungua kwa namba anazotumiwa kila anapolipa. Sina ugomvi na utaratibu huo wakati deni lipo, maana bila mkopo wengi tusingepata taa. Lakini mimi nilipomaliza deni langu, namba za mwisho hazikuja. Wakala alikuwa amehama na simu ya ofisi haikupokewa. Kwa majuma matatu watoto wa darasa la saba waliozoea kujisomea kwangu jioni walirudi makwao, na mtihani ulikuwa karibu. Simu za mkopo nazo zina kufuli la namna hiyo.

Kwa hiyo naomba vyombo vinavyomlinda mlaji vifikirie mambo matatu. Kwanza, muuzaji aandike waziwazi, kwa Kiswahili, kama chombo kitafanya kazi bila intaneti na bila kampuni. Pili, deni likiisha, kufuli liondolewe siku hiyo hiyo. Tatu, kampuni inayofunga biashara au kuondoa mawakala isiondoke na funguo za watu.

Nasi wanunuzi tujizoeze kuuliza kabla ya kutoa fedha: nikishalipa, ni nani atakayeweza kukizima? Muuzaji akishindwa kujibu, tumrudishie chombo chake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.