Fidèle Bazana iko wapi?



Wengi wetu tunapenda hadithi za mauaji yasiyojulikana. Usiku mtu anafungua simu, anaangalia video ya yule muuaji wa London wa mwaka 1888 wanayemwita Jack the Ripper. Aliua wanawake, polisi ikamtafuta, mpaka leo hakuna anayejua alikuwa nani. Lile ni fumbo kweli. Zaidi ya miaka 130 imepita, mashahidi wote wamekufa, kilichobaki ni makaratasi.

Sisi pia huku Kongo tuko na mafumbo yetu. Lakini tuseme ukweli: ya kwetu si ya namna ile. Kule hakuna anayejua. Huku kuko wanaojua, na wengine bado wako hai. Fumbo la kwetu linatengenezwa na watu, hatua kwa hatua. Tuangalie moja tu, ili tuone namna linavyotengenezwa.

Tarehe 1 mwezi wa sita 2010, Floribert Chebeya alitoka kwenda ofisi kuu ya polisi Kinshasa. Alikuwa musimamizi wa La Voix des Sans-Voix, shirika la kutetea haki za watu lililoanza tangu wakati wa Mobutu, 1983. Alikuwa amepewa miadi ya kuonana na mukubwa wa polisi ya inchi yote, Jenerali John Numbi. Aliyemuendesha gari ni Fidèle Bazana, shofere wake, naye memba wa shirika hilo. Kesho yake asubuhi mwili wa Chebeya ulikutwa ndani ya gari lake kule Mitendi, pembeni ya Kinshasa. Ndani ya gari waliweka kondomu na nywele za mwanamke, eti raia waseme alikufa katika mambo ya wanawake. Bazana hakuwa ndani ya gari. Hajaonekana mpaka leo.

Hapo njo hatua ya kwanza: kuchafua fasi ya mauaji na kuchafua jina la marehemu pamoja. Ukiua mtu halafu umwachie aibu, unatumaini familia yake itanyamaza na rafiki zake wataona haya kuuliza. Safari hii haikufaulu. Ilikuwa bado wiki nne inchi isherehekee miaka 50 ya uhuru, macho ya ulimwengu yalikuwa Kinshasa. Hakuna aliyemeza ule uongo, na siku chache tu nyuma yake jenerali akasimamishwa kazi.

Hatua ya pili ni kukata kesi katikati: wadogo wanakamatwa, wakubwa wanabaki nje. Kwa sheria ya kijeshi ya Kongo, mwamuzi hawezi kuhukumu mtu mwenye cheo kinachopita chake. Basi, kadiri unavyopanda cheo, kadiri waamuzi wanaoweza kukuita wanavyopungua. Kesi ilipofunguliwa mwisho wa 2010, jenerali alifika kama shahidi tu. Yeye amekana siku zote. Mwezi wa sita 2011 mahakama ilihukumu watu wanne kifo, lakini watatu kati yao walikuwa wamekwisha kutoroka. Aliyebaki mkononi ni Kolonele Daniel Mukalay. Mwaka 2015, katika rufaa, kifo kiligeuka miaka 15 ya gereza, na wenzake waliokuwa naye kizimbani wakaachiliwa.

Hatua ya tatu ni wakati. Familia zinakimbilia inchi za mbali. Mashahidi wanachoka. Filme ya Thierry Michel juu ya kesi hii ilikataliwa Kongo, na mwaka 2012 yeye mwenyewe akafukuzwa inchini. Watoto waliozaliwa mwaka wa mauaji wanaingia shule, wanamaliza shule ya msingi, na bado jibu hakuna. Polepole raia wanaanza kusema: "Aa, ile kesi ya zamani." Wauaji wanangojea neno hilo tu.

Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa kuko funzo. Mwezi wa pili 2021, nyuma ya miaka karibu kumi na moja, polisi wawili waliokuwa uhamishoni walisimama mbele ya maikrofoni ya RFI, wakaeleza walichokifanya usiku ule. Walisema Chebeya na Bazana walizibwa pumzi kwa mifuko ya plastiki ndani ya magari. Walisema Bazana alizikwa kwenye parseli ya mukubwa mmoja wa jeshi. Walimtaja aliyetoa amri. Mwaka huohuo jenerali akatoka inchini. Meja Christian Ngoy Kenga Kenga, mmoja wa wale watoro wa 2011, alikuwa amekwisha kukamatwa Lubumbashi mwaka 2020. Mwezi wa tano 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo, na polisi mwingine akapewa miaka 12.

Kwa hiyo wale wanaotuambia kwamba kesi hizi zimekufa wanatudanganya. Ile ilifunguka bila mashine ya ajabu na bila mpelelezi wa filme. Ilifunguka kwa sababu siri ilikuwa imegawanywa kati ya watu wengi, na siri ya watu wengi haikai. Pia ilifunguka kwa sababu kulikuwa bado watu waliokuwa wakiuliza. Kama hakuna anayeuliza, hata anayetaka kuungama hapati wa kumuambia.

Tena tuwe macho na kitu kingine: jibu la haraka. Bukavu wanakumbuka. Tarehe 13 mwezi wa sita 2007 Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, alipigwa risasi mbele ya rafiki zake wawili. Miezi miwili tu, mahakama ikawahukumu wale rafiki wenyewe kifo, kwa maneno ya watu wawili waliosema walitumwa nao. Kisha watu hao wakageuza maneno. Mwaka 2008 marafiki wakaachiliwa katika rufaa. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, Didace Namujimbo, wa radio hiyohiyo, akapigwa risasi karibu na nyumba yake, katika muji huohuo. Kumtupa mtu yeyote gerezani si kumaliza kesi. Aliyeshika bunduki anabaki nje na anajifunza kwamba inawezekana.

Sasa turudi kwa Bazana, kwa sababu yeye njo anasahauliwa haraka. Dosie yote inaitwa "kesi Chebeya". Kwenye mabango, jina la Bazana linakuja la pili, kama linakuja. Alikuwa shofere. Alimpeleka mukubwa wake kazini, na kwa maneno ya wale polisi wawili, akauawa pamoja naye usiku uleule. Familia ya Chebeya, pamoja na uchungu wake wote, ilipata mwili, ikalia kilio, iko na kaburi. Familia ya Bazana haina fasi ya kuweka ua. Mtu asiye na kaburi hana siku ya kuzikwa, na kilio chake hakina mwisho. Haki haiwezi kusema imemaliza wakati mmoja wa wawili bado hajulikani amelala wapi.

Njo maana tunaomba mambo matatu. Moja: mwili wa Fidèle Bazana utafutwe kwa wataalamu wa kazi hiyo, na familia ipewe jibu la maandishi, hata likiwa jibu baya. Mbili: kila aliyetajwa kuwa alitoa amri asimame mbele ya waamuzi, ajitetee kama raia wengine, iwe yuko Kinshasa ama nje. Tatu: ile sheria ya cheo ibadilishwe. Raia aliyeuawa hakuwa na cheo. Haiwezekani cheo cha mshtakiwa kiwe ukuta.

Na nyinyi vijana, msifanye kesi hizi kuwa hadithi za ulozi ama bongo za barabarani. Ukiandika jambo, andika tarehe, andika fasi, tofautisha kilichosemwa mahakamani na kile ulichosikia kwenye kilauri cha bia. Uongo mwingi unawasaidia wauaji kuliko kimya. Na kila tarehe 1 ya mwezi wa sita, ukiweka picha ya Chebeya kwenye statuti yako, weka na ya Bazana pembeni yake, uandike chini swali moja tu: iko wapi?